Kijana Anaposhtakiwa kwa Wizi wa Mabavu



Tumeombwa tuzungumze juu ya wizi wa mabavu, kwa sababu wengi hulisikia shtaka hili kwa mara ya kwanza siku mtoto wa nyumbani anaposimamishwa kizimbani. Wakati huo hofu imekwisha kuitangulia akili.

Sheria ya Kenya hutenganisha makosa haya. Achukuaye mali ya mtu bila nguvu ni mwizi. Aichukuaye kwa nguvu au vitisho ni mnyang'anyi, na kwa kifungu cha 296(1) cha Kanuni ya Adhabu aweza kufungwa miaka 14. Lakini kifungu cha 296(2) chasema kwamba mnyang'anyi akiwa na silaha ya hatari, au akiwa na mwenzake, au akimpiga ama kumjeruhi mtu, adhabu ni kifo. Tulitazame vema neno hilo "au". Mahakama zimeeleza mara nyingi kwamba jambo moja kati ya hayo latosha. Vijana wawili wanaompokonya mtu simu kwa vitisho, wasiwe na hata fimbo, waweza kushtakiwa sawasawa na genge lenye bunduki. Ni kweli Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Hata hivyo, Mahakama ya Juu ilipoondoa mwaka 2017 ulazima wa adhabu ya kifo kwa mauaji, ilifafanua mwaka 2021 kwamba uamuzi ule haukugusa wizi wa mabavu.

Hapa ndipo panapotuuma. Kesi ya mauaji husikilizwa Mahakama Kuu, na kwa desturi ya miaka mingi mshtakiwa hupewa wakili. Kesi ya wizi wa mabavu huanzia kwa hakimu, na huko maskini alizoea kusimama peke yake, akiwahoji mashahidi ilhali hajui kuhoji ni nini. Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 yampa wakili wa kulipwa na Serikali endapo bila yeye haki ingepotoka vibaya. Ila katika kesi ya Karisa Chengo, mwaka 2017, Mahakama ya Juu ilisema kwamba haki hiyo haiji yenyewe. Hutegemea hali ya kila kesi. Basi na iombwe mapema, mbele ya hakimu, na maombi yaandikwe.

Wengine mwatuuliza, mbona kumtetea mwizi? Kwanza, bado hajathibitika kuwa mwizi. Pili, yule aliyeporwa hapati chochote ikiwa asiyehusika atafungwa na mwenye kosa abaki mtaani. Kesi nyingi za namna hii husimama juu ya utambulisho wa usiku. Taa ilikuwa wapi? Uso ulionekana kwa muda gani? Je, mlalamishi aliwaeleza polisi maumbile ya mtu huyo katika taarifa yake ya kwanza, au aliyakumbuka baadaye? Gwaride la utambulisho lilikuwa na watu wanane wanaofanana na mshukiwa? Susana, katika Danieli sura ya 13, alikwisha kuhukumiwa kufa. Aliokolewa na kijana aliyewatenga mashahidi wawili na kumwuliza kila mmoja, ni chini ya mti gani? Hiyo ndiyo kazi ya wakili.

Kabla wakili hajapatikana, familia na ijue haya. Aliyekamatwa hupelekwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya mahakama inayofuata. Aweza kunyamaza, wala halazimishwi kuungama kosa kituoni. Dhamana yaombwa hata kwa shtaka hili. Aombe nakala za taarifa za mashahidi na mkalimani asiyelipiwa. Kama usiku ule alikuwa mahali pengine, waliokuwa naye watafutwe wiki hiyo hiyo, si mwaka ujao. Akihukumiwa, ana siku 14 za kukata rufani.

Tunawasihi pia msimwendee mlalamishi kwa vitisho wala kwa bahasha, wala msimpe fedha mtu anayejidai kumjua hakimu. Kila jumuiya na iteue watu wawili wa kufuatana na familia hadi mahakamani, wakiandika namba ya kesi, tarehe na jambo lililosemwa. Daftari hilo ndilo wakili atakaloliuliza kwanza.