Wasio na Dini na Sikukuu za Desemba Marekani

Kila Desemba nchini Marekani, watu wasio na dini hutoa kauli yao hadharani kando ya mapango ya Noeli na miti ya Krismasi. Wengine wana sherehe yao: HumanLight, iliyoanza New Jersey mwaka 2001, huadhimishwa Desemba 23. Wengine huweka mabango. Katika bunge la jimbo la Wisconsin, mjini Madison, shirika la Freedom From Religion Foundation limekuwa likiweka bango la kuikana dini tangu miaka ya 1990.

Msingi wa haki ya kutoa kauli hizo ni Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayoikataza serikali kuanzisha dini na yanayolinda uhuru wa kusema. Mwaka 1984, katika kesi ya mji wa Pawtucket, Mahakama ya Juu iliruhusu pango lililochanganywa na mapambo mengine ya Krismasi. Mwaka 1989, katika kesi ya Pittsburgh, ilikataa pango lililosimama peke yake ndani ya jengo la mahakama ya kaunti, ila ikakubali kinara cha Hanuka, sikukuu ya Kiyahudi, kilichowekwa nje karibu na mti wa Krismasi.

Baadhi ya serikali za majimbo na miji ziliamua kumpa kila anayeomba nafasi ya kuweka maonyesho yake, na mivutano ikafuata. Mwaka 2008, bango la wasioamini liliibwa kutoka bunge la jimbo la Washington, mjini Olympia. Huko Santa Monica, California, mapango yalipamba bustani ya Palisades tangu mwaka 1953. Mwaka 2011 waombaji walizidi nafasi, nafasi zikagawiwa kwa bahati nasibu, na wasioamini wakapata nafasi 18 kati ya 21. Mwaka uliofuata halmashauri ya mji ilipiga marufuku maonyesho yote ya namna hiyo, na makanisa yakahamishia mapango kwenye ardhi ya watu binafsi.

Baadhi ya mabango hayo yana maneno makali, na waumini huumia kuyasoma katika msimu wanaouheshimu. Hata hivyo, haki haipimwi kwa utamu wa ujumbe. Serikali ikimfungulia mmoja mlango, iwafungulie wote. Ikiufunga, iwafungie wote. Kanuni hiyo humlinda mwenye dini pia: serikali isiyoruhusiwa kuondoa bango la asiyeamini kwa sababu ya maneno yake, haiwezi kuondoa pango la Mkristo kwa sababu ya imani yake.