Kirusi Kinachokaa Kimya

Leo nazungumza na akina mama, lakini na wewe baba usiondoke karibu na redio.

Utasikia mama akiuliza: "Mume wangu alifariki zamani, naishi peke yangu. Hii kansa ya mlango wa kizazi nimeitoa wapi?"

Mama, karibu kansa zote za mlango wa kizazi huanzia kwa kirusi kiitwacho HPV. Huambukizwa kwa kujamiiana, na kimeenea mno: wengi wetu, wanawake kwa wanaume, hukipata wakati fulani. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, hata hujui kilipita. Shida ni kinapogoma kutoka. Aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo huleta takriban kansa 7 katika kila 10. Kirusi kikikaa, nyama ya mlango wa kizazi hubadilika polepole, na mpaka iwe kansa huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa inaweza kuwa miaka 5 hadi 10.

Kwa hiyo si kulogwa. Wala msigombane nyumbani mkitafuta nani kaleta, maana huenda kiliingia kabla hamjajuana.

Miaka yote hiyo hakuna maumivu. Ukisubiri mpaka damu itoke baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, huenda umechelewa. Nenda ukiwa mzima, ukifika miaka 30, au 25 kama unaishi na VVU. Muuguzi hupaka maji ya siki, anasubiri kidogo, na palipobadilika panaonekana peupe. Hapo panaweza kutibiwa kwa kugandishwa kwa baridi kali, mara nyingi siku hiyohiyo. Kizazi hakitolewi.

Mabinti wa miaka 9 hadi 14 wapate chanjo kabla hawajakutana na kirusi. Uganda inaitoa tangu 2015, Tanzania 2018, Kenya 2019. Yale maneno ya bombani kwamba inafunga kizazi si kweli.

Mwulize mhamasishaji wa afya wa eneo lenu siku ya kipimo. Ukiona haya, omba muuguzi mwanamke.