Uuguzi au Utabibu wa Meno?

(Mazungumzo na wanafunzi wa kidato cha nne na wazazi wao, Masasi)



Katika kazi yangu ya kuratibu miradi ya dayosisi, wazazi wengi hunijia wakishauza korosho. Swali lao ni moja: mtoto asome nini? Baba mmoja wa Newala alikuja na binti yake, ada ya mwaka wa kwanza ikiwa mfukoni. Alitaka binti awe muuguzi kwa sababu binti wa jirani ni muuguzi. Nilipomwuliza binti mwenyewe, alisema anapenda kutibu meno. Baba akashangaa: "Meno nayo ni kazi?"

Ni kazi, wazee wangu. Tuzitazame zote mbili.

Muuguzi hukaa na mgonjwa usiku na mchana. Huzalisha, hufunga vidonda, hutoa dawa, huwafariji waliofiwa. Hufanya kazi kwa zamu, hata sikukuu. Cheti huchukua miaka 2 na stashahada miaka 3. Vyuo viko karibu: Ndanda na Newala.

Tabibu wa kinywa na meno husoma stashahada ya miaka 3. Vyuo vya siku nyingi viko Tanga na Mbeya, kwa hiyo wekeni nauli kwenye hesabu. Yeye hung'oa, huziba na kusafisha meno, na hufundisha shuleni. Marekani kusafisha meno ni taaluma ya peke yake; kwetu imo ndani ya kazi ya tabibu huyu. Wala msidhani hawezi kitu bila umeme. Njia ya kuziba jino kwa vifaa vya mkono tu ilianzia hapa hapa Tanzania katika miaka ya 1980, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza duniani.

Sasa fikirini mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha. Majirani wanasema ni "meno ya plastiki", na fundi anamchimba ufizi kwa kifaa kichafu. Kinachotolewa ni chipukizi la jino la kawaida. Ugonjwa wenyewe, pengine malaria, unabaki bila tiba, na mtoto anaweza kufa. Muuguzi wa kliniki ndiye anayekutana na mama kwanza. Tabibu wa meno ndiye anayeujua ufizi ule na kuweza kumweleza. Mtoto huyo anawahitaji wote wawili.

Kwa hiyo, vijana, msiulize kazi ipi ni kubwa. Ulizeni ni ipi mtaweza kuifanya miaka 30 bila kununa. Ombeni ruhusa hospitali ya Mkomaindo au ya Newala, mkae siku moja wodini na siku moja chumba cha meno. Msilitupe somo la fizikia, pamoja na kemia na baiolojia. Nanyi wazazi, kabla ya kulipa hakikisheni chuo kimesajiliwa na NACTVET, na mjue kwamba ajira ya serikali haimfikii kila mhitimu mara moja.

Baba yule alikubali kungoja wiki mbili. Binti alikwenda kote kuwili, akarudi akisema bado ni meno. Safari hii baba hakuuliza kama ni kazi. Aliuliza nauli ya kwenda Tanga.