Unaenda Wapi? Kuulizana Safari kati ya Shinkolobwe na Kasumbalesa

Vitabu vya kujifunzia Kiingereza hupenda kuyapanga maswali matatu katika mstari mmoja: "Where are you going?", "Where are you headed?" na "Where are you off to?" Mwanafunzi huambiwa achague lolote, maana ni yale yale. Kwa mtihani hilo linatosha. Kwa kijana wa Likasi, mji wa Katanga kusini mwa Kongo, atakayefanya kazi kwenye barabara ya Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, halitoshi hata kidogo.

Swali la kwanza ni la wazi, lakini likitoka kwa askari au mzazi mkali, anayeulizwa huanza kujitetea. La pili linauliza upande tu, na linamfaa dereva aliyemkuta mtu njiani. La tatu ni la wanaojuana: jirani amemwona mwenzake kavaa vizuri, begi mkononi, naye anaifurahia safari hiyo pamoja naye. Dereva wa teksi hukata yote na kusema "Where to?", na abiria haudhiki, kwa kuwa dereva hawezi kuondoa gari bila kujua. Mpakani ofisa huuliza "final destination", yaani mwisho wa safari nzima. Dereva wa lori la shaba akimjibu "Kasumbalesa" atakuwa amekosea, kwani huenda shehena yake inakwenda Dar es Salaam au Durban.

Kiswahili kina utajiri huo huo. Konda huuliza "Unashukia wapi?", Mmombasa "Waenda wapi?", dereva wa Kitanzania "Unaelekea wapi?" au "Safari ya wapi?" Likasi husikika "Uko naenda wapi?" na "Unaenda fasi gani?" Mama akipita na kikapu, jirani humwuliza, "Mama, uko naenda wapi?" Naye hujibu bila kusimama, "Niko naenda hapa tu." Mazungumzo yamekwisha, na hakuna aliyemficha mwenzake kitu: wamesalimiana. Anayeng'ang'ania kuuliza "Hapa wapi?" ndiye aliyevunja adabu.

Huko Katanga, hata hivyo, maneno hayo hayo yaliwahi kuwa na uzito mwingine. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka Lomami, Kasai, Maniema na hata Rwanda na Burundi, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, alionyesha jinsi vitabu vidogo vya Kiswahili vilivyoandikiwa Wazungu vilivyojaa amri: njoo, leta, nenda. Mtu wa kijijini hakuweza kuhamia mjini bila kibali cha serikali. Msimamizi alipouliza "Unaenda wapi?", "hapa tu" halikuwa jibu.

Shinkolobwe, mgodi wa kampuni hiyo ulio takriban kilomita 20 kutoka Likasi, unalionyesha jambo hili kwa uchungu zaidi kuliko mahali pengine popote. Mwingereza Robert Sharp aliligundua jiwe la urani hapo mwaka 1915, na kwa miaka mingi lilichimbwa kwa ajili ya radiamu. Mwaka 1940 mkuu wa kampuni, Edgar Sengier, alipeleka takriban tani 1,200 za mawe hayo Staten Island, New York. Septemba 1942 yakanunuliwa na jeshi la Marekani, na mengine yakafuata. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka hapo. Wafanyakazi walioyachagua mawe hayo kwa mikono hawakuambiwa yanakwenda wapi wala ya kazi gani. Yule yule aliyetakiwa kueleza kila hatua yake hakuwa na haki ya kuuliza safari ya jiwe alilolibeba.

Mgodi ulifungwa karibu na uhuru wa mwaka 1960. Baadaye wachimbaji wadogo walirudi kutafuta kobalti, na Julai 2004, miezi michache baada ya serikali kupiga marufuku uchimbaji huo, shimo liliporomoka na kuua watu wasiopungua wanane. Dunia ilishughulika tena na swali la mahali mzigo wa Shinkolobwe ulipokuwa ukienda. Wachimbaji walibaki hawajui.

Basi walimu wa Kiingereza wa Likasi wasiishie kwenye orodha ya maneno yanayofanana. Wawaeleze wanafunzi nani anamwuliza nani, mahali gani, na aliyeulizwa ana uhuru gani wa kujibu "hapa tu". Wawape somo hilo kwa mifano ya Kasumbalesa, ambako malori ya Katanga hupita kila siku. Na wawafundishe kuuliza kwa Kiingereza sahihi, bila woga, shehena inakwenda wapi na mnunuzi wake ni nani.