Vigawo Ambavyo Euler Hakuvijaribu



Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow alitabiri kwamba hakuna atakayehangaika kutafuta namba kamilifu kubwa kuliko ile inayotokana na 2 kwa kipeo cha 31 kutoa 1. Sababu yake: namba hizi zinavutia tu, hazina faida. Utabiri ulikufa zamani. Mwaka 2024 ilitangazwa namba tasa ya umbo hilohilo, kipeo cha 2 kutoa 1, inayozaa namba kamilifu kubwa zaidi, nayo ina tarakimu 41,024,320. Hoja yenyewe ya faida, hata hivyo, bado inatembea kwenye korido za chuo chetu, tena imevaa suti ya mtetezi.

Mtetezi husema namba tasa kubwa hulinda miamala ya benki. Hizo ni zile za siri. Namba inayojulikana na dunia nzima italinda siri ya nani? Mwingine hukumbusha kwamba namba yetu, 2 kwa kipeo cha 31 kutoa 1, yaani 2,147,483,647, ndiyo ukomo wa kompyuta zinazohesabu sekunde kwa biti 32, na kwamba saa zao zitafurika tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwetu Afrika Mashariki. Sawa. Zingefurika vilevile hata kama namba hiyo ingegawanyika kwa 3! Utasa wake hauhusiki hata chembe. Nitakubali tumizi moja, la Park na Miller mwaka 1988 katika kuzalisha namba za nasibu. Hapo utasa unafanya kazi kweli.

Faida tuiache kando; sasa tumwendee mwanahisabati Euler, na mniwie radhi nikikawia. Mwaka 1772, akiwa karibu kipofu, alimwandikia mwanahisabati mwenzake Bernoulli kwamba namba hii ni tasa. Kipeuo chake cha pili hakifiki 46,341, na chini ya hapo zipo namba tasa zaidi ya 4,700. Hakuzijaribu zote. Chukua q, kigawo tasa chochote cha namba yetu. Kipeo cha 31 cha 2 kikigawanywa kwa q hubakiza 1, na kwa kuwa 31 ni tasa, kanuni ya Fermat inailazimisha q kutoa 1 igawanyike kwa 31. Q ni witiri, basi q kutoa 1 igawanyike kwa 62. Kipeo cha 32 nacho hubakiza 2, kwa hiyo 2 ina kipeuo cha pili miongoni mwa mabaki ya q, na hilo linaibana q ibakize 1 au 7 ikigawanywa kwa 8. Ukiunganisha, q ikigawanywa kwa 248 hubakiza 1 au 63. Idadi ya namba tasa za kujaribu haifiki hata 100.

Ya kwanza ni 311. Kila mwaka wanafunzi wangu hufanya mgawanyo wa namba yetu kwa 311 kwa kalamu, simu zikiwa mezani kwangu: 6,905,092, baki 35. Mmoja aliuliza kama utakuwemo kwenye mtihani. Haumo. Ila mhitimu wa hisabati asiyeweza kueleza kwa nini baada ya 311 Euler angeruka moja kwa moja hadi 1,303, kwangu mimi, amepewa cheti mapema.