Muuaji: Alaaniwe au Asamehewe?

Mazungumzo yangu ya leo ni juu ya swali liulizwalo penye matanga ya mtu aliyeuawa, nalo huulizwa kwa uchungu: Je, aliyemwaga damu ya mwenziwe kwa kusudi astahili laana ya milele, au astahili msamaha? Mmoja husema, "Dawa ya moto ni moto. Naye afe, na roho yake ikaungue." Mwingine hujibu, "Sisi sote tu wenye dhambi. Asamehewe, yaishe." Mimi naona ya kuwa wote wawili wamefanya haraka, kwa kuwa wamechanganya mambo matatu ambayo kila moja lina mwenyewe. Hukumu ya roho ni ya Mungu. Adhabu ya mwili ni ya Serikali na mahakama zake. Msamaha ni wa yule aliyekosewa. Tukimpa mmoja kilicho cha mwingine, tunaharibu yote matatu.

Tuanze na hukumu ya roho. Dini zetu hazifanyi mzaha na damu ya mtu. Katika Qurani, Sura ya Nisaa yamtisha kwa Jahanamu mtu amwuaye muumini kwa makusudi. Lakini Sura ya Zumar yawakataza waliojidhulumu nafsi zao wasikate tamaa na rehema ya Mungu. Katika Biblia, Kaini alimwua ndugu yake akalaaniwe, akawa mtu wa kutangatanga. Hata hivyo Mungu alimtia alama ili mtu ye yote asimwue. Daudi naye aliagiza Uria awekwe mahali pakali pa vita ili afe. Alipokiri dhambi yake alisamehewa, ila aliambiwa ya kwamba upanga hautaondoka nyumbani mwake. Basi, katika vitabu hivi tisho ni kweli na rehema ni kweli. Ni nani kati yetu awezaye kusimama kaburini akasema, "Huyu yuko motoni"? Anenaye hivyo ameketi katika kiti kisicho chake.

La pili ni adhabu. Hapa wengine hudhani ya kuwa kusamehe ni kufungua mlango wa gereza. Sivyo. Mwuaji amewakosa wafiwa, naam, lakini amewatia hofu wote wakaao katika nchi, na Serikali yapaswa kuwalinda. Kwa hiyo mama wa marehemu aweza kusamehe, na hakimu akahukumu vile vile, wala hapana mmoja aliyemvunjia mwenziwe heshima. Katika sheria ya Kiislamu warithi wa aliyeuawa hupewa nafasi ya kudai kisasi, au kupokea dia, au kusamehe; lakini hata hapo jambo hupelekwa mbele ya kadhi, halimalizwi kwa mapanga njiani usiku. Tena mauaji hayalingani. Nchini Kenya, mwaka 2017, Mahakama ya Juu iliamua ya kwamba hukumu ya kifo isiwe ya lazima kwa kila mwenye hatia ya kuua, ili jaji apate kupima hali ya kila mmoja. Umati wenye mawe na mafuta ya taa haupimi kitu. Ukimwua asiye na hatia, hauwezi kumrudisha.

La tatu, yaani msamaha, ndilo gumu kuliko yote. Ili tulione vema, twende Rwanda.

Mwaka 1994, tangu Aprili hata Julai, Watutsi waliuawa nchini humo kwa muda wa siku mia moja hivi, pamoja na Wahutu waliokataa uovu huo. Serikali ya Rwanda imehesabu waliokufa kuwa zaidi ya 1,000,000. Wauaji wengi hawakutoka mbali. Walikuwa majirani, watu waliochota maji katika kisima kimoja na hao waliowaua. Vita vilipokwisha, magereza yalijaa watu zaidi ya 100,000, na mahakama za kawaida zisingaliweza kuwahukumu wote hata wangalizeeka humo. Mwezi wa Aprili 1998 watu 22 walipigwa risasi hadharani kwa hukumu ya mahakama. Baadaye nchi ilishika njia nyingine, na mwaka 2007 ikafuta hukumu ya kifo.

Njia hiyo ni mabaraza ya gacaca, jina litokanalo na nyasi, mahali walipokaa wazee wa zamani kuamua magomvi. Mabaraza yapata 12,000 yaliwekwa nchini kote, na waamuzi wake walichaguliwa na wanakijiji wenyewe. Hata yalipofungwa mwezi wa Juni 2012, yalikuwa yamekata kesi karibu 2,000,000. Aliyekiri yote na kuomba radhi mbele ya watu alipunguziwa kifungo, na sehemu yake aliweza kuimaliza kwa kazi za manufaa ya umma, kama kutengeneza barabara, kuchimba matuta ya mashamba na kujenga nyumba. Lakini kukiri hakukuwa kusema "nimekosa" tu. Ilimpasa ataje aliowaua, awataje aliokuwa nao, na aonyeshe mahali ilipo miili.

Wasikilizaji wangu, tusilipite jambo hilo upesi. Mjane asiyejua mumewe alitupwa wapi hana kaburi la kupanda ua, wala matanga yake hayaishi. Ukweli wa muuaji ni deni ambalo yeye peke yake aweza kulilipa. Akinyongwa kabla ya kusema, huenda nalo chini.

Sisemi ya kwamba mabaraza hayo hayakuwa na kasoro. Wako waliosema nusu ya kweli ili kifungo kipungue, wako waliosingiziwa kwa chuki za mashamba, na wako mashahidi waliouawa kwa sababu ya kusema. Lakini yalitufunza jambo moja kubwa: sheria yaweza kumwamuru muuaji aombe radhi, ila haiwezi kumwamuru mjane atoe msamaha. Wako waliosamehe, na wako ambao hawakuweza. Hao wa pili wasilaumiwe na mtu.

Tena kukiri si kutubu. Jean Kambanda alikuwa Waziri Mkuu wa Rwanda wakati wa mauaji hayo. Mbele ya mahakama ya mataifa iliyokaa Arusha alikiri makosa yake, na tarehe 4 Septemba 1998 akahukumiwa kifungo cha maisha. Majaji waliandika ya kuwa hakueleza kwa nini alitenda hayo, wala hakuonyesha majuto, ingawa alipewa nafasi. Baadaye akataka kuyakana hata maungamo yake, na mwaka 2000 rufani yake ikakataliwa. Mdomo ulikuwa umesema, moyo haukufuata.

Je, hata toba ikiwa ya kweli, msamaha hufuta yote? Waislamu husimulia habari za Wahshi, mtumwa aliyeahidiwa uhuru kama akimwua Hamza, ami yake Mtume Muhammad, katika vita vya Uhudi mwaka 625. Alimwua kwa mkuki. Baada ya Makka kutwaliwa, alikuja kusilimu, naye akapokewa, hakudhuriwa. Lakini Mtume alimtaka asijionyeshe usoni pake. Mwenye kovu usidhani kapoa. Aliyesamehe aweza kuacha kisasi kwa moyo wake wote, na bado asiweze kuketi karibu na aliyemwulia mpenzi wake. Msamaha wake si wa uongo kwa sababu hiyo.

Basi, mtu aliyeua afanye nini? Aseme kweli yote. Aikubali adhabu bila kunung'unika. Atengeneze kiwezacho kutengenezwa, kwa kuwa uhai haurudi, lakini watoto wa marehemu huhitaji karo na chakula. Aombe msamaha, wala asiudai kama mtu adaiye mshahara. Asiposamehewa na watu, aendelee kutenda mema, na neno lake la mwisho amwachie Mungu.

Na sisi majirani tufanye nini? Tusimharakishe mfiwa kwa kumwambia, "Samehe, yaishe," maana si sisi tuliofiwa. Tusiwatukane watoto wa muuaji shuleni wala kisimani, kwa kuwa hawakushika panga. Tena mtu akitimiza kifungo chake akarudi kijijini, tusimwongezee adhabu ya pili ambayo hakimu hakuitoa.

Ukiniuliza sasa kama muuaji astahili laana au msamaha, nitakujibu hivi: astahili adhabu, naye aipokee. Msamaha hakuna astahiliye. Ni zawadi, na mwenye kutoa zawadi hasukumwi mkono. Na laana tumwachie Yeye aijuaye mioyo yote, ya aliyeua na ya sisi tusioua.