Faiba Yataka Kipimo



Likizo moja, badala ya kukaa barazani, nilikwenda gereji ya matatu kujifunza kazi ya faiba. Nikapewa kutengeneza pahali pa kuwekea spika mlangoni.

Kazi yenyewe si siri. Unakata fremu ya mbao, unaivisha kitambaa kinachovutika, unakilowesha rezini. Ikikauka, unalaza matabaka ya faiba kwa nyuma, unasawazisha mbele kwa fila, unapiga msasa, ndipo upake rangi. Rezini ndiyo yataka hesabu: lita 1 hutiwa hadna, ile dawa ya kuigandisha, kama mililita 10 hadi 20. Ukipunguza sana, inabaki ikinata. Ukizidisha, inapata moto na kupasuka.

Mimi nilizidisha, kwani mteja alikuwa akingoja. Tena nikalaza tabaka moja tu, nikafunika kwa fila nene. Rangi ikameremeta, nikasifiwa! Wiki 2 baadaye, mitikisiko ya barabara ikaipasua. Fundi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Gari lingekuwa lako, ungefanya hivi?" Nikairudia bure, kwa matabaka 3.

Basi kijana mwenzangu, ukiutaka ufundi huu, anza na kipimo. Fanyia kazi penye hewa, vaa glavu, miwani na maski ya kuzuia mvuke wa dawa. Hadna ikiingia jichoni yaweza kupofua. Na nyuma kusikoonekana, kutengeneze vizuri. Hapo ndipo pesa yako inapokuwa halali.